Kupunguza chumvi jikoni: mwongozo wa sufuria ya nyumba nzima

Ukitoka kliniki ya presha unaambiwa "punguza chumvi", unapewa dawa na tarehe ya kurudi. Ukifika nyumbani ndipo maswali yanapoanza, na ni yale yale kila mara. Nipunguze kiasi gani? Nipike sufuria yangu peke yangu? Chumvi ya mawe je, ina nafuu? Si inasemwa iliyopikwa haina neno, mbaya ni ile mbichi ya mezani? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo, hatua kwa hatua, kwa mtu anayepika ugali, wali, maharage na samaki kama sisi sote.

Nianze na msimamo wangu. Punguza chumvi ya sufuria nzima, usimtengee mgonjwa kisufuria chake pembeni. Nimeona nyumba nyingi zikianza na kisufuria. Mgonjwa anakula chakula chapwa peke yake kwa siku kadhaa, anasikia harufu ya mchuzi wa wenzake, mwisho anahamia sahani yao. Na hao wenzake, kama ni watoto wake na ndugu zake, wanarithi njia ile ile ya presha na wanakula chumvi ile ile. Sufuria ni moja, dawa iwe moja.

Machache ya kujua kwanza

Chumvi ya kula ina sodiamu karibu asilimia 40. Sodiamu ikizidi, mwili unashikilia maji, damu inaongezeka ujazo ndani ya mishipa, na moyo na figo vinafanya kazi kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita, hapo ndipo presha ya kupanda, kiharusi, moyo kushindwa kazi na figo kuchoka vinapopata mlango. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, kwa kila alichokula tangu asubuhi hadi usiku. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Jambo hili limechunguzwa hata kwetu. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Waluo wa Kenya waliohama vijijini kwenda Nairobi. Ukilinganisha na waliobaki nyumbani, presha za wahamiaji zilikuwa juu zaidi tangu miezi ya mwanzo, na mkojo wao ulionyesha sodiamu zaidi na potasiamu (madini ya kwenye matunda na mboga) kidogo. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni maisha, na sahani ikiwa mojawapo.

Na lile la chumvi mbichi na iliyopikwa: sodiamu haiungui motoni. Kijiko ulichotia kwenye maharage saa nne asubuhi kinaingia mwilini sawasawa na kile ulichonyunyiza mezani. Tofauti ni kwamba cha mezani unakiona.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Pakiti mpya ya nusu kilo ya chumvi laini yenye madini joto. Usianze na pakiti iliyokwisha funguliwa.
- Kijiko kimoja cha chai kitakachokaa ndani ya kopo la chumvi, kisitoke humo.
- Kopo lenye mfuniko, na kalamu ya kuandikia.
- Ndimu au limao, ukwaju au embe bichi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari, kotimiri. Si lazima vyote. Vitatu vinatosha kuanzia.
- Mahali pa kupimia presha: zahanati, duka la dawa lenye kipimo, au mashine ya nyumbani ya kuvaa mkononi juu ya kiwiko.

Subiri, zungumza na daktari kwanza kama una ugonjwa wa figo, moyo ulioshindwa kazi, unatumia dawa za kukojoza maji, au umewahi kuambiwa sodiamu yako iko chini. Si kwamba watu hawa waendelee na chumvi nyingi, ila kiasi chao kinapangwa na anayewatibu. Na dawa za presha usiziache hata siku moja kwa sababu umeanza mwongozo huu. Chumvi inapungua pamoja na dawa. Kupunguza dozi ni uamuzi wa kliniki.

Hatua ya 1. Pima presha na uandike

Kaa kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika tano bila kuongea, miguu chini, mkono umeegemea meza usawa wa moyo. Uwe umekwisha kukojoa, na usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Pima mara mbili ukipumzika dakika moja katikati, andika zote mbili na tarehe. Kipimo kikirudia kuwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda, nenda kituo cha afya hata kama unajisikia mzima. Presha ya juu kwa kawaida haiumi popote.

Hatua ya 2. Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi

Hiki ndicho kipimo chako kikuu, na hakina gharama. Andika siku uliyoifungua na idadi ya walaji. Hesabu ni hii: nusu kilo ni gramu 500. Nyumba ya watu wazima watano ikiimaliza kwa wiki mbili, kila mmoja amekula karibu gramu 7 kwa siku kutoka sufuriani peke yake, kabla hujahesabu mkate, maandazi ya mtaani na soseji. Tunakotaka kufika ni pakiti hiyo kudumu mwezi mzima, yaani kama gramu 3 kwa mtu. Zile mbili zilizobaki zimeshawekwa na mwoka mkate na muuza chipsi.

Watoto wahesabu kama nusu mtu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asihesabiwe kabisa: uji wake na mboga yake havitiwi chumvi. Mtolee chakula chake kabla hujatia ya wengine.

Hatua ya 3. Wiki ya kwanza usipunguze kitu, pima mkono wako

Wapishi wengi tunatia chumvi kwa vidole au kwa kiganja, na mkono una mazoea yake. Wiki hii tia kiasi kile kile ulichozoea, ila kipitie kwenye kijiko kwanza: mimina ya kiganja ndani ya kijiko, sawazisha kwa mgongo wa kisu, hesabu, ndipo utie. Andika: maharage nusu kilo, vijiko viwili; wali kilo moja, kijiko kimoja na nusu; mchicha, nusu kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 5 hadi 6 za chumvi laini. Kikiwa na kilima juu kinaweza kukaribia mara mbili, na hapo ndipo wengi wanapopotea wakidhani wanatia kimoja.

Kama anayepika si wewe, mpe kijiko na umweleze sababu. Dada wa kazi au mama mkwe asiyejua sababu ataona unamkosoa mapishi.

Hatua ya 4. Punguza robo, kisha robo

Kuanzia wiki ya pili, toa robo ya kiasi ulichoandika. Vijiko viwili viwe kimoja na nusu. Kaa hapo wiki mbili. Kisha robo nyingine. Ulimi unazoea, lakini unahitaji wiki kadhaa, na ukiukimbiza unarudi nyuma kwa hasira. Punguzo dogo namna hii watu wengi mezani hawaligundui.

Lengo la kukumbuka ukiwa jikoni: nusu kijiko cha chai kwa mtu mzima mmoja, kwa siku nzima, mapishi yote pamoja. Watu wazima wanne, vijiko viwili kwa siku. Ukipenda, vipime asubuhi, uviweke kwenye kikombe kidogo, na upike siku nzima kutoka humo. Kikombe kikiisha mchana, chakula cha usiku kinaungwa kwa ndimu na viungo.

Hatua ya 5. Chumvi ikae upande mmoja wa sahani

Kama kuna hatua moja ya kushika hata ukiziacha nyingine, ni hii. Tazama sahani ya wali maharage: wali umetiwa chumvi, maharage yametiwa, tui limeongezwa na chumvi "kidogo ya kukoleza", kachumbari nayo imekandwa kwa chumvi. Mtu mmoja, chumvi mara nne.

Ugali wetu ulishatufundisha njia. Ugali hautiwi chumvi na hakuna anayelalamika, kwa sababu mboga ndiyo inayokolea. Fanya hivyo hivyo kwa wali, viazi, ndizi na mihogo: vipike bila chumvi, acha mchuzi ubebe. Siku ya pilau, pilau ndiyo yenye chumvi, na kachumbari ni nyanya, kitunguu, pilipili na ndimu tupu.

Na unapoonja, usionje mchuzi mtupu kiganjani ukiwa umesimama jikoni na joto la jiko. Chovya tonge, onja tonge na mchuzi pamoja, kwa kuwa ndivyo vitakavyoliwa. Chumvi itie mwishoni, mchuzi ukishakuwa mzito kiasi unachotaka. Ukiitia mapema, maji yanapungua, chumvi inabaki, na kilichokuwa sawa saa tano kinakuwa kikali saa saba.

Hatua ya 6. Hesabu chumvi isiyoitwa chumvi

Vidonge vya supu na unga wa mchuzi wa pakiti. Mara nyingi kidonge cha supu karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Ukikitumia, usitie chumvi nyingine kwenye sufuria hiyo. Mimi nashauri uviache, kwa sababu vinazoesha ulimi wa watoto kuona kuku asiye na kidonge hana ladha.

Magadi. Hili watu hawaliambiwi kabisa. Magadi, yawe ya mawe au magadi soda ya dukani, nayo ni sodiamu. Kijiko cha magadi soda kina zaidi ya nusu ya sodiamu iliyomo kwenye kijiko cha chumvi. Anayepikia magadi maharage, kande na mlenda kila siku anaweza kuwa amepunguza chumvi kwa uaminifu na presha isishuke. Maharage na kande loweka usiku, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya. Yataiva bila magadi.

Samaki wa chumvi. Ng'onda, papa mkavu, dagaa waliotiwa chumvi: hawa si wa kila siku, lakini huhitaji kuwaaga. Papa mkatekate vipande vidogo, sugua chumvi ya juu kwa maji, kisha mloweke kwenye maji mengi saa mbili hadi tatu ukibadilisha maji mara mbili. Ukiwa na friji, mwache humo usiku kucha. Mchemshe dakika kumi, mwaga yale maji meupe, ndipo umtie kwenye kitunguu na nyanya, kisha tui. Usitie chumvi yoyote hadi uonje mwishoni, na mara nyingi utakuta haihitajiki. Dagaa wa kukaushwa juani bila chumvi ni bora zaidi. Muulize muuzaji, au ramba mmoja papo hapo.

Kuna pia mkate, soseji, tambi za haraka na kile kipakiti chake, krispu, korosho na karanga za chumvi, achari, embe bichi la kuchovya chumvi na pilipili. Kila kimoja ni kidogo peke yake. Kwa vyenye lebo, tafuta mstari wa sodiamu kwa gramu 100 na uzidishe kwa 2.5 kupata chumvi. Sodiamu miligramu 600 ni gramu 1.5 za chumvi: hapo na kuendelea, kihesabu kuwa cha chumvi nyingi. Chini ya miligramu 120 ni cha chumvi kidogo.

Hatua ya 7. Jaza pengo kwa uchachu na ukaangaji

Chumvi ikipungua, kinachoulinda mchuzi ni uchachu. Ndimu kwenye samaki na mchicha, ukwaju kwenye maharage na mbaazi, embe bichi au mbilimbi kwenye dagaa na mchuzi wa nazi. Ndimu ikamue baada ya kuipua. Ikichemka sana inapoteza ule ukali tunaoutaka.

Pili, usikimbize kitunguu. Kikaange hadi kiwe rangi ya dhahabu, tia saumu na tangawizi, kisha nyanya, funika, acha ziive hadi mafuta yajitenge pembeni. Mchuzi ulioanzia hapo unahitaji chumvi kidogo kuliko ule ambao nyanya na maji viliingia pamoja. Bizari nyembamba ikaange kavu kabla ya kusaga. Soma pakiti za viungo vilivyochanganywa, baadhi zimewekwa chumvi tayari.

Hatua ya 8. Mezani na mtaani

Kidau cha chumvi kiondoke mezani. Anayetaka aende jikoni akachukue. Safari hiyo peke yake inapunguza wengi. Kwa muuza chipsi, mishkaki au muhogo wa kuchoma, sema mapema: "Yangu usiitie chumvi." Ukichelewa, atakuwa ameshanyunyiza.

Makosa yanayojirudia

Kuhamia chumvi ya mawe, ya bahari au ile ya rangi ya waridi ukidhani ni dawa. Sodiamu yake ni karibu ile ile, na nyingi hazina madini joto. Tunataka chumvi kidogo, na hiyo kidogo iwe na madini joto, hasa kwa mama mjamzito na watoto, ili kuzuia tezi la shingo na kulinda ubongo wa mtoto. Ihifadhi kwenye kopo lililofunikwa, mbali na mvuke wa jiko.

Kununua chumvi mbadala yenye potasiamu bila kuuliza. Ni kitu cha kweli: utafiti mkubwa wa vijijini China, uliochapishwa 2021 ukihusisha watu karibu 21,000, ulionyesha kuwa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu ilipunguza kiharusi. Lakini mwenye figo mbovu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha kama enalapril, losartan au spironolactone, potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2025, limewaacha nje pia wajawazito na watoto. Muulize daktari kwanza.

Kunyima chumvi mtu anayeharisha. Kuhara na kutapika kunatoa maji na chumvi mwilini. Mpe ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kama pakiti inavyoelekeza, hata kama ana presha, na umwone mtoa huduma.

Ukikwama

*Chakula ni chapwa, watu wanaacha sahani.* Umeshuka haraka. Rudi kwenye kipimo cha wiki iliyopita, kaa hapo wiki tatu, na uangalie hatua ya 7 kama unaifuata kweli.

*Mzee amekataa katakata.* Usibishane naye mbele ya wajukuu. Mpikie sufuria ile ile, kisha mpimie kwenye kisahani robo ya kijiko cha chai, iliyotoka kwenye ile nusu yake ya siku, aambiwe: "Babu, hii ni ya leo, nyunyiza utakapopenda." Chumvi ya juu ya chakula inagusa ulimi moja kwa moja, hivyo kidogo kinaonekana kingi. Wazee wengi wanaikubali kwa sababu uamuzi umebaki mikononi mwao.

*Mchuzi umezidi chumvi.* Kiazi hakifyonzi chumvi kwa namna ya pekee kama tunavyoambiwa; kinasaidia kwa kuongeza chakula kisicho na chumvi. Mwaga sehemu ya mchuzi, ongeza nyanya, tui au maji, na ule na ugali.

*Nafanya kazi ya jua, natoka jasho, nitaishiwa chumvi.* Kwa kawaida chakula cha siku kina ya kutosha hata kwa fundi na mkulima. Unachohitaji zaidi ni maji.

*Ninapata kizunguzungu nikisimama.* Pima presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, andika, nenda kliniki. Huenda sasa dozi ya dawa imekuwa kubwa kwako. Usijitibu kwa kurudisha chumvi.

*Mwezi wa pili, pakiti inadumu, presha haishuki.* Angalia magadi na vyakula vya nje kwanza. Kisha dawa nyingine unazomeza: diclofenac na ibuprofen za maumivu zinaweza kupandisha presha, na vidonge vinavyotoa povu kwenye maji vingi vina sodiamu. Uzito, pombe na kuruka dozi navyo vina sehemu yao. Beba daftari lako na tarehe za pakiti uende navyo kliniki. Daktari akiona kwamba chumvi imepungua kweli, anajua kilichobaki ni kupanga dawa upya.

*Presha imesoma 180/120 au zaidi.* Kaa utulie dakika tano, pima tena. Ikibaki hapo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutotoka sawa au macho kuona giza, usisubiri kupima tena wala usimpe mtu huyo chakula au dawa ya mdomoni. Tafuta usafiri, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mkumbuke saa dalili zilipoanza, kwa sababu ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.